IST iliyochemsha Marangu: mafundi watatu na mfuniko mmoja

Gari ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, mali ya mwalimu wa sekondari anayeishi Sakina, Arusha. Mjini halimsumbui. Anakwenda nalo shuleni, soko la Kilombero, kanisani, na hata Moshi analipeleka na kulirudisha salama. Tatizo lake linatokea sehemu moja: likishapita Himo na kuanza kupanda kwenda Marangu na Mwika, linachemsha. Desemba lilimwacha kando ya barabara akiwa na mama yake mzazi, watoto wawili na mizigo ya Krismasi, mvuke ukitoka chini ya boneti.

Lilipoletwa kwangu Januari lilikuwa limepita kwa mafundi watatu. Wa tatu alikuwa ameshataja bei ya kufungua silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini, na Mwalimu alikuwa ameshaanza kutafuta mkopo. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu hakuna fundi hata mmoja kati ya wale aliyedanganya. Kila mmoja aliona dalili ya kweli. Ila dalili aliyoiona wa pili ilitengenezwa na kazi ya wa kwanza, na wa tatu akasoma matokeo ya wote wawili. Naziona gari nyingi zikifunguliwa injini kwa mtindo huu, na inaniuma, maana fedha inayopotea mara nyingi ni ya ada ya mtoto.

Gari lilikopitia

Malalamiko ya kwanza kabisa yalikuwa madogo. Maji ya rejeta yalikuwa yanapungua, na chini ya gari hakuna tone. Fundi wa kwanza alikagua mipira, akakaza vibano, kisha akatoa themostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya rejeta kufuata joto, na kumkabidhi Mwalimu mkononi. Maneno yake kila mwenye gari hapa kwetu ameshayasikia: hicho kifaa ni cha nchi za baridi, huku kinazuia maji bure.

Maji yakaendelea kupungua. Fundi wa pili aliliwasha gari likiwa limesimama, akasubiri feni ya rejeta izunguke. Akasubiri sana, haikuzunguka. Akaamua kwamba sensa ya joto imekufa, akaiunga feni dairekti kwenye swichi, ikawa ukiwasha gari tu na yenyewe inazunguka mpaka unazima. Katika kipindi hicho hicho Mwalimu alianza kulalamika kwamba mafuta yanaisha haraka, akauziwa plagi mpya nne. Hazikusaidia.

Kisha ikaja safari ya Desemba. Gari lilitoka Arusha asubuhi, likapita Usa River, Boma Ng'ombe na Moshi bila neno. Baada ya Himo, barabara inapoanza kukwea, taa nyekundu ya joto ikawaka. IST hili halina mshale wa joto kwenye dashibodi. Lina taa mbili tu: ya bluu inayoonyesha injini bado baridi, na nyekundu inayoonyesha imeshapita kiasi. Katikati hapo dereva hana habari yoyote, na nyekundu ikiwaka mara nyingi maji yameshachemka.

Mwalimu alifanya jambo la maana sana: alisimama papo hapo na kuzima. Hakusema "nifike tu Marangu Mtoni". Injini hii ni ya aluminiamu, bloku na hedi, na kilomita mbili tatu za ubishi zingetosha kuipinda. Vijana wa pale wakaja na ndoo ya maji ya mfongo, ule mfereji wa mlimani. Mmoja alitaka kuufungua mfuniko wakati ule ule; bibi, mama yake Mwalimu, ndiye aliyemzuia kwa kelele. Mungu ambariki. Maji yaliyobanwa kwenye rejeta ya moto yanaruka kuwa mvuke mara tu mfuniko unapolegea, na nimewaona watu wenye makovu ya usoni kwa ajili hiyo. Walisubiri injini ipoe, wakajaza maji ya mfongo, wakafika Mwika polepole kwa kusimama simama.

Fundi wa tatu, waliporudi Arusha, aliliwasha gari mpaka likapata joto, akaona mapovu yanatoka kwenye tenki dogo la akiba na maji yanafurika. Akatoa hukumu: gasketi inayoziba kati ya silinda hedi na bloku imeungua, moshi wa mwako unaingia kwenye maji. Laki saba, pamoja na kuipeleka hedi mashineni kusawazishwa.

Nilichokikuta

Nilimwomba Mwalimu aliache gari kwangu lilale, nilikague likiwa baridi kabisa. Hili ni la lazima. Mfumo wa maji ukiukagua wa moto utaona vurugu tu.

Asubuhi tenki la akiba lilikuwa limejaa hadi mstari wa juu. Nikafungua mfuniko wa rejeta: maji hayakuonekana. Nikaingiza kijiti, kikashuka kiasi cha kidole kabla ya kulowa. Mwalimu alishangaa. "Fundi, mimi kila siku naangalia hicho kitenki, na kila siku kimejaa!" Ndivyo alivyoelekezwa, na ndivyo watu wengi wanavyofanya.

Kitenki kujaa huku rejeta ikiwa imepungua ni dalili inayomtaja mkosaji karibu kwa jina. Mfuniko wa rejeta una valvu mbili ndani yake. Moja inashikilia shinikizo injini ikiwa ya moto, na ikizidi inaruhusu maji yatoke kwenda kwenye kitenki. Ya pili inafunguka injini inapopoa, maji yarudi. Mpira wa mfuniko ukichoka, maji yanatoka mapema kwenda kwenye kitenki, na gari likipoa rejeta inavuta hewa badala ya kuyarudisha. Kitenki kinajaa, rejeta inapungua, na chini hakuna tone.

Niliugeuza ule mfuniko nikaubonyeza mpira kwa ukucha. Ukamomonyoka kama ukoko mkavu wa ugali. Juu yake palikuwa na namba 0.9, yaani shinikizo ambalo mfuniko unatakiwa kushikilia, wakati kibandiko cha gari kilitaka 1.1. Ulikuwa umetoka gari jingine. Nikaufunga kwenye pampu ya kupimia shinikizo, na haukufika hata nusu ya hiyo 0.9 kabla ya kuachia.

Kabla ya kufurahi nilitaka kujibu hoja ya gasketi, maana fundi mwenzangu aliyaona mapovu kwa macho yake na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Nilijaza rejeta mpaka juu, nikaliwasha gari likiwa baridi na mfuniko uko wazi. Gasketi ikiwa imeungua, mapovu huja mapema, maji yakiwa bado ya baridi, kwa sababu ni gesi ya mwako na haisubiri joto. Yalitoka mapovu machache ya hewa iliyokuwa imenasa, kisha kimya. Oili ilikuwa safi, haina rangi ya maziwa. Moshi wa ekzosi haukuwa mweupe. Nikapima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, silinda zote nne zikakaribiana. Mwisho nikatumia ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya mwako. Niliishikilia juu ya mdomo wa rejeta injini ikinguruma, ikabaki bluu.

Ingegeuka njano, ningemwambia Mwalimu aendelee kutafuta mkopo. Lakini haikugeuka. Yale mapovu ya fundi wa tatu yalikuwa hewa iliyoingia kwa sababu ya mfuniko, na maji yalifurika kwa sababu mfuniko haukuyabana.

Kwa nini mfuniko una uzito kiasi hiki huku kwetu

Pwani, kwenye usawa wa bahari, maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 100. Kadiri unavyopanda, yanachemka mapema. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Wapagazi wa Kilimanjaro wanalijua hili bila kipimajoto: kule kambi ya Kibo, mita 4,700 na ushee, maji yanatokota lakini maharage hayaivi.

Sasa tazama injini. Themostati ya 1NZ huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Feni huwashwa karibu nyuzi 93. Maana yake injini nzima na yenye afya hufanya kazi kwenye joto ambalo kwa mwinuko wetu liko jirani kabisa na kuchemka. Kinachozuia yasichemke ni mfuniko. Ule wa 1.1 ukishika vizuri, hata hapa Arusha maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 119. Ule ukoko uliokuwa kwenye IST ya Mwalimu ulimnyang'anya sehemu kubwa ya akiba hiyo.

Kwa hiyo mfuniko uliochoka unaweza kumvumilia mtu wa Tanga na ukamtesa mtu wa Marangu mwenye gari lile lile.

Themostati iliyotolewa

Mfuniko pekee ungeeleza maji kupungua. Haukutosha kueleza kwa nini mjini salama na mlimani balaa. Jibu la hilo lilikuwa kwenye kabati la Mwalimu, ndani ya mfuko wa nailoni alimowekewa themostati yake.

Niliunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, tukazunguka mjini asubuhi. Joto la injini lilikaa kwenye sitini na kitu. Taa ya bluu iliwaka muda mrefu kabla ya kuzimika, na Mwalimu akanieleza kwamba mwezi wa Julai ilikuwa inamsindikiza karibu njia nzima ya kwenda shuleni. Hilo ndilo lililokuwa linakula mafuta yake. Injini ikiwa baridi, kompyuta inaongeza petroli kwa kudhani gari ndiyo kwanza limewashwa. Wala plagi hazikuwa na kosa.

Hapo pia ikaeleweka kwa nini fundi wa pili hakuiona feni ikizunguka. Alisubiri gari lililosimama, lisilo na themostati, lifike nyuzi 93. Halikufika. Sensa ilikuwa nzima, ikifanya kazi yake sawasawa: haikuwasha feni kwa sababu injini haikuwa ya moto.

Lakini kama injini ilikuwa inapoa kupita kiasi, mbona ilichemsha mlimani? Sehemu hii ndiyo inayowachanganya wengi, na mimi naiona ndiyo yenye faida kubwa katika kisa chote. Katika injini hii themostati imekaa upande wa maji yanayoingia kwenye injini, na ina kazi mbili. Injini ikiwa baridi, inafunga njia ya kutoka kwenye rejeta na kuacha maji yazunguke ndani kwa njia ya mchepuko. Injini ikipata joto, inafungua njia ya rejeta, na kile kisahani chake cha nyuma kinaubana mchepuko, ili maji ya moto yapite kwenye rejeta yakapozwe.

Ukiitoa, mchepuko unabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare, mzigo mdogo na upepo mwingi, yale machache yanayopita kwenye rejeta yanatosha na kuzidi. Kwenye mlima wa Himo kwenda Marangu, watu wamejaa, mizigo nyuma, kiyoyozi kimewashwa, gia ya chini na mwendo wa pole, injini inazalisha joto jingi na rejeta inapewa maji pungufu. Ongeza mfuniko usioshika na maji yaliyokwisha pungua kidole kizima, na taa nyekundu haiwezi kukosa.

Tulilijaribu hili kwenye barabara ya Namanga, kutoka Sakina kupanda Ngaramtoni, gari likiwa na watu na magunia. Namba iliyokuwa sitini na kitu tulipoanza ilipanda bila kusita, ikavuka 95. Nikasimamisha gari. Sikuhitaji kuiona taa nyekundu.

Niwe mwadilifu kwa fundi wa kwanza. Themostati ikinasa ikiwa imefungwa inachemsha gari kweli, na mtu aliyekwama porini akiitoa ili afike mjini hana kosa. Ziko pia injini za zamani zisizo na kisahani cha kufunga mchepuko, ambazo ukiitoa huoni madhara ya haraka, na nadhani imani hii ilizaliwa huko. Kosa ni kuuhamishia uzoefu huo kwenye injini iliyojengwa kwa hesabu nyingine, na kuuita matengenezo. Mwenye gari akikabidhiwa themostati mkononi, aulize mpya inafungwa lini.

Matengenezo

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Themostati mpya ya nyuzi 82 na mpira wake, mfuniko mpya wa 1.1, na feni nikairudisha kwenye sensa na relei kama ilivyotoka kiwandani. Ile ya zamani ya kwenye mfuko niliijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto na kipimajoto, ikafunguka vizuri kabisa. Ilikuwa imetolewa ikiwa nzima. Sikuirudisha, kwa sababu mpya haina bei ya kutisha, lakini nilitaka Mwalimu aione ikifunguka kwa macho yake.

Kilichochukua muda ni uchafu. Maji ya mfongo yalikuwa yameacha tope laini, na kabla ya hapo kulikuwa na miezi ya kuongeza maji ya bomba. Kila ukiongeza maji ya bomba unaongeza chumvi za madini. Maji yanaondoka na mvuke, chumvi zinabaki na kuganda kwenye mirija myembamba ya rejeta. Nilisafisha kwa kurudisha maji kinyume mara kadhaa mpaka yakatoka meupe, kisha nikajaza kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Muuzaji akupe maji, si asidi. Chupa zinafanana na ni vizuri kusoma.

Watu huuliza kulanti ya nini wakati huku hakuna barafu. Kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Inazuia kutu na kuliwa kwa aluminiamu, na inapandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Kwa mlima wetu hizo mbili ndizo tunazozihitaji.

Kutoa hewa ni hatua inayorukwa mara nyingi. Niliinua gari mbele, hita nikaifungua mwisho, mfuniko wazi, nikaiacha injini ingurume mpaka themostati ikafunguka na feni ikajiwasha yenyewe, huku nikiongeza kulanti kila ilipozama. Hewa iliyonasa kwenye hedi inaweza kuchemsha gari lenye kila kitu kipya, na hapo utarudi kule kule kwenye hoja ya gasketi.

Gharama yote, vipuri na kazi, haikufika robo ya ile laki saba.

Baada ya hapo

Tulirudia mlima wa Ngaramtoni na mzigo ule ule. Tambarare namba ilitulia kwenye 84 hadi 88. Mlimani ilipanda mpaka 95, feni ikaingia, ikashuka. Taa ya bluu sasa inazimika mapema, na mafuta yamerudi kwenye ulaji wake wa zamani. Pasaka Mwalimu alipanda Mwika na familia nzima, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hakusimama.

Nilimpa maelekezo mawili. Aangalie maji kwenye rejeta yenyewe, asubuhi kabla ya kuwasha, mara moja kwa juma, na kitenki kiwe cha kulinganisha tu. Na abebe kwenye buti chupa ya kulanti iliyokwisha changanywa, ili asije akalazimika kuomba ya mfongo tena.

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza. Nikipitisha kipimajoto cha mionzi juu ya rejeta ikiwa ya moto, pembe ya chini kulia inasoma baridi kuliko kwingine, maana yake mirija kadhaa ya pale bado imeziba tope. Kwa sasa rejeta inamudu. Nimemwambia Mwalimu aanze kuweka akiba ya rejeta mpya kabla ya Desemba, na kwamba mtu akimwambia tena habari ya kufungua hedi, amwombe kwanza apime kwa ile dawa ya bluu mbele ya macho yake.